Jarida Letu Lifike Likiwa Zima

Makamanda, kila mwezi vijana wa uenezi wanakesha kutengeneza jarida letu. Picha zinachaguliwa, safu zinapangwa, rangi zinakaa mahali pake. Kisha linatumwa kwa barua pepe, na kule linakofika ni vurugu tupu: safu zimeingiliana, vichwa vya habari vimehamia pembeni, penye picha pana kisanduku cheupe. Hivi mwanachama wa Namtumbo aliyenunua bando kwa hela ya mboga atuelewe vipi?

Wengi wanasingizia intaneti ya wilayani. Mimi nasema tunatengeneza karatasi halafu tunailazimisha iwe barua pepe. Word imeundwa kwa ajili ya karatasi. Ukikopi ukurasa wake na kuupesti kwenye barua pepe, visanduku vya maandishi na safu vinaweza kusambaratika njiani. Tena kila programu inaonyesha barua kwa namna yake. Outlook ya Windows ya mtindo wa zamani (classic), tangu toleo la 2007, inatumia mtambo wa Word, Gmail ina wake. Ndiyo maana wenye kazi hii bado wanapanga barua kwa majedwali ya kizamani, upana wa pikseli 600 hivi. Kwetu sisi wa simu, safu moja inatosha kabisa.

Wapo watakaosema tuma PDF, yaishe. Kweli, PDF haivunjiki. Lakini kwenye simu ndogo unasoma herufi za sisimizi, unavuta huku na huku mpaka unachoka. Na faili likiambatishwa linaongezeka uzito kwa karibu theluthi, wakati mwisho wa Gmail ni MB 25. Iwekwe mtandaoni, itumwe linki yake kwa anayetaka kuichapa na kuibandika ofisi ya kata.

Baya zaidi ni huu mtindo mpya wa kugeuza jarida zima kuwa picha moja. Programu kadhaa za barua pepe huzuia picha mpaka msomaji aziruhusu. Sasa tarehe ya mkutano, ukumbi, saa, vyote vimo ndani ya picha! Mjumbe anafungua, anaona utupu, anafunga. Mwenzetu asiyeona, anayesomewa na simu yake, naye haambulii kitu. Sisi tunaosoma sheria tunajua kuwa mjumbe asiyepewa taarifa ipasavyo anaweza kuupinga mkutano na uchaguzi uliofanyika humo. Uchaguzi wa tawi uanguke kwa sababu ya bango zuri?

Kwa hiyo maneno yaandikwe kama maneno. Picha ziwe mbili tatu, zipunguzwe uzito kabla, zikae kwenye seva na barua izivute kutoka huko, kila moja na maelezo mafupi ya kuonekana pale inapozuiwa. Barua yenyewe isizidi kilobaiti 102 bila picha, maana hapo Gmail huikata na kumwachia msomaji linki ya kufungua iliyobaki. Wangapi wataibonyeza?

Halafu kuna hili la anwani, ambalo kwangu ni zito kuliko fonti zote. Jarida likitumwa huku anwani za wote zinaonekana juu, mwalimu wa serikali anayetusoma kimyakimya ameshaanikwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za mwelekeo wa kisiasa kwenye kundi la taarifa nyeti. Tunaipigia serikali kelele kuhusu faragha, halafu orodha yetu tunaigawa wenyewe? Kwa sasa anwani zote ziende kwenye Bcc, ila akaunti ya kawaida ya Gmail inaishia wapokeaji 500 kwa siku. Orodha ikikua tutahitaji huduma maalumu inayomtumia kila mtu barua yake.

Ndugu Katibu Mwenezi, toleo la uchaguzi wa matawi liko jikoni. Kabla halijaenda kwa wote, litumwe kwanza kwa watu watatu: mwenye Outlook ofisini, mwenye Yahoo ya zamani, na mmoja mwenye simu ya bei rahisi aliyezima picha. Wote watatu waulizwe swali moja tu: mkutano ni lini na wapi?