Haki ya Macho Katika Jiji la Nairobi

Mkaazi wa Loresho ashukaye mjini kwa Waiyaki Way hupita ubavuni mwa Shule ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa jina la Prince of Wales, na ambayo ramani yake ilichorwa na Herbert Baker, msanifu yule yule aliyeshirikiana na Edwin Lutyens kuujenga mji wa New Delhi. Wawili hao walifarakana kwa ajili ya mteremko wa barabara moja tu, kwani Lutyens alitaka kasri ya mtawala wa Kiingereza ionekane tangu mwanzo wa njia hata mwisho wake, na mteremko ulioidhinishwa ukaificha. Ugomvi huo haukuwa wa upuzi. Tangu Papa Sixtus wa Tano, baina ya 1585 na 1590, alipozinyoosha njia za Roma na kusimamisha nguzo za mawe mbele ya makanisa, maana ya fani ya kupanga miji ilikuwa kulishika hatamu jicho la raia na kulifikisha kwenye mlango wa enzi.

Nairobi nayo iliandaliwa fahari kama hiyo katika Mpango Mkuu wa 1948, kazi ya Thornton White, Silberman na Anderson, na ijapokuwa mengi yalisalia makaratasini, tulirithi Uhuru Highway iliyo pana na Bunge lenye mnara wake wa saa, kisha Jamhuri yenyewe ikaongeza, mwaka 1973, jumba la mikutano la KICC, kazi ya David Mutiso na Karl Henrik Nøstvik.

Wako wasemao kwamba urithi wa wakoloni na uachwe upotee. Mimi siafiki, kwa kuwa dhuluma ilikuwa katika enzi iliyowekwa mwisho wa njia, wala haikuwa katika njia. Na tazama yaliyotufika: tangu 2022 barabara ya kulipia imepita angani juu ya Uhuru Highway, hata mwenye gari na fedha ndiye aonaye jiji lote likimkunjukia, ilhali yule aendaye kwa miguu, ambaye aghalabu ndiye wengi wetu, hutembea kivulini mwa zege. Mandhari yamerudi kuwa milki ya wachache, safari hii kwa ushuru.

London imelilinda kuba la kanisa la St Paul's lisizibwe na maghorofa tangu miaka ya 1930. Serikali ya Kaunti ya Nairobi nayo haina udhuru: ichore katika ramani zake mistari ya kuonekana Bunge na KICC kutoka Uhuru Park, iipe nguvu ya sheria, na kibali cha jengo lolote litakaloikata kisitolewe kabla raia hawajasikilizwa.