Toleo jipya la CAELinux: asiyekuwepo na lake halipo



Katika inchi hii tunajua sana Artikle 15: jipange mwenyewe. Hata ku unif tulijipanga vile vile. Programu za kupima kwenye kompyuta nguvu ya daraja ao ya jengo zinauzwa bei ambayo familia zetu haziwezi kulipa. Basi kila promosyo inapitishia ingine flashi yenye programu ya wizi, na virusi ndani yake. Kiisha masomo, tuko bila kazi, diploma iko ku kabati, na ku CV tunaandika kwamba tunajua programu ambayo hatuna haki ya kuifungua.

Sisi tunasema: njia ingine iko. CAELinux ni mfumo mzima wa kompyuta, wa bure na wa wazi, uliojengwa juu ya Linux kwa ajili ya wahandisi. Unauweka ku flashi, unawasha mashini nao, na bila kufuta Windows yako unaweza kuchora kipande, kukiwekea mzigo na kuona kitavunjika wapi. Ndani yake muna Code_Aster, programu ambayo EDF, kampuni ya umeme ya Ufaransa, ilianza kuijenga 1989 na kuifungulia watu wote 2001. Maelezo yake yaliandikwa kwanza kwa Kifaransa. Kwa mara moja, lugha tuliyosomea inatupa faida.

Lakini mfumo kama huu unazeeka. CAELinux inasimama juu ya Ubuntu, na matoleo ya Ubuntu ya muda mrefu yanapata marekebisho ya kawaida kwa miaka 5 tu. Toleo tunalolijua ni la 2020. Kwa hiyo toleo jipya linahitajika, na kupanga toleo ni kuchagua: nini kiingie, nini kibaki inje. Tusipokuwepo, watatuchagulia watu wenye umeme saa 24.

Tunataka mambo matatu.

Kwanza, faili la mfumo lisifike GB 4. Flashi nyingi zimepangwa kwa FAT32, na FAT32 haikubali faili kubwa kuliko hapo. Kwetu mmoja anapakua usiku, wengine wanakopi kwake. Faili likikataa kuingia ku flashi, mtaa mzima unakosa.

Pili, maelezo na mifano yote viwe ndani. Mtu asimalize mega zake juu ya kutafuta somo la kwanza.

Tatu, programu chache zilizojaribiwa pamoja, kuliko makumi zinazogombana. Na mashini ya zamani yenye RAM ya GB 4 iweze kufanya mazoezi ya mwanafunzi.

Kuko watakaosema: inchi iko na vita na njaa, ninyi munaongea kompyuta? Tunawajibu: tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la 5.9 lilipiga Bukavu, watu wakakufa huku na Rwanda. Leo nyumba zinaendelea kupanda ku milima ile ile. Code_Aster inaweza kuhesabu jengo litafanya nini udongo ukitikisika. Ni kweli, programu peke yake haiokoe nyumba. Inahitaji mhandisi aliyejifunza na ofisi inayomsikiliza. Lakini mhandisi asiye na chombo anabakia kubahatisha, na bei ya kubahatisha inalipwa na raia.

Tusingoje kuletewa. Programu ya wazi ni salongo. Si ile ya Mobutu ya kulazimishwa, bali ile tunayofanya wenyewe tukizibua mifereji. CAELinux imebebwa na watu wachache wa kujitolea, na wakichoka inakufa. Basi muungane watatu ao wane ku komini yenu. Mujaribu mfumo ku mashini ya zamani. Kosa likitokea, muandike sawasawa: mashini gani, mulifanya nini, ilijibu nini. Mutafsiri somo la kwanza kwa Kiswahili chetu. Kwa kazi hii hakuna anayeuliza wewe ni mtoto wa nani.

Hatuombe zawadi. Tunaomba nafasi ku meza, na tunakuja na kazi mkononi.