Rafu Tupu na Kifafa

Kila nisemapo hadharani kwamba mgonjwa wa kifafa anywe dawa, hujitokeza msomi kunikumbusha kuwa dawa hizo zina madhara. Zinayo, sikatai. Fenobabitoni yaweza kumpumbaza mtoto darasani, au kumfanya mtukutu asiyetulia. Valproeti ni hatari zaidi kwa mjamzito: takriban mtoto 1 kati ya 10 waliofikiwa nayo tumboni huzaliwa na kasoro ya maumbile, na wengi zaidi huchelewa kukua kiakili. Binti anayeandikiwa dawa hiyo bila kuelezwa hayo amedhulumiwa.

Lakini tuishike mizani sawasawa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka, wakitibiwa ipasavyo. Asiyetibiwa huangukia mafigani, au kisimani. Makovu hayo hayamo katika orodha ya madhara ya dawa, nasi twajifanya hatuyaoni.

Hatari ninayoilaumu mimi haimo ndani ya kidonge. Imo katika rafu tupu ya zahanati. Dawa ya kifafa ikikatizwa ghafla, mtu aweza kupatwa na kifafa kisichokoma, akafa. Na fenobabitoni, iliyoanza kutumika kutibu kifafa mwaka 1912, ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa. Serikali inayomudu mashangingi itueleze: ni fedha ipi iliyokosekana? Na huyo msomi wangu, kabla hajaonya tena, aulize kwanza zahanati ya kijijini kwao ina vidonge vya siku ngapi.