Nani Anajua, na Tangu Lini?

Mteja amesimama dukani, simu mkononi. Ametuma pesa na meseji ya muamala imeshaingia kwake. Kwa mwenye duka haijaingia. Wanaaminiana, ila hakuna awezaye kuondoka. Hapo pana maswali mawili: nini kimekwisha kutokea, na nani anajua kwamba kimetokea. Toleo hili tumeliandaa kwa sababu naamini maswali hayo hayatenganishiki.

Wanamantiki waliyaanza mbalimbali. Miaka ya 1950 Arthur Prior wa New Zealand aliipa mantiki ishara za wakati. Mwaka 1962 Jaakko Hintikka wa Finland akaandika juu ya kujua na kuamini. Mwaka 1977 Amir Pnueli akaipeleka mantiki ya wakati kwenye programu za kompyuta: je, kila ombi litakuja kujibiwa? Msemaji wa Kiswahili halioni jambo hili geni. "Hakulipa" imefunga hesabu. "Hajalipa" bado inangoja. Silabi moja tu, na ndani yake mna matarajio ambayo mwanamantiki huyajenga kwa fomula.

Sasa wachukue majemadari wawili, kila mmoja kilimani kwake, adui bondeni. Wakishambulia pamoja watashinda. Atakayetangulia peke yake ataangamia. Wa kwanza anatuma tarishi: "Alfajiri." Tarishi akifika, wa pili anajua, ila wa kwanza hajui kama mwenzake anajua. Jibu likirudi, wa pili naye hajui kama limefika. Hata matarishi elfu hawatoshi, maadamu yeyote kati yao aweza kukamatwa njiani.

Wanasayansi wa kompyuta Joseph Halpern na Yoram Moses walionyesha kiini cha tatizo hili. Kutenda kwa pamoja kunadai maarifa ya pamoja: najua, unajua, najua kwamba unajua, bila kikomo. Na maarifa hayo hayaji kwa mmoja leo na kwa mwingine kesho. Huwaingia wote kwa wakati mmoja, au hayaji kabisa. Kwangu hili ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa hapa saa imeingia ndani ya maana yenyewe ya kujua.

Wanaounda mifumo ya malipo wanalazimika kuishi na ukuta huo: ujumbe uwezao kupotea njiani hauleti maarifa ya pamoja. Namba ya muamala huiwezesha mitambo kurudia ujumbe bila kukata pesa mara mbili. Hiyo ni kazi nzuri, lakini naomba zaidi: skrini ya mteja imwambie waziwazi kama ujumbe umetumwa, umepokelewa, au haujajibiwa.