Kifaranga wa siku moja ana saa ngapi?

Hivi mmeshawahi kujiuliza maana halisi ya maneno "vifaranga wa siku moja"? Tangazo liko kila kona ya mji. Liko kwenye nguzo za umeme, kwenye kuta za maduka ya dawa za mifugo, Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp ya wafugaji: "Vifaranga wa siku moja. Kuroiler, sasso, chotara, wa nyama, wa mayai. Tunatuma mikoa yote." Leo naomba tusimame kidogo kwenye hayo maneno mawili, "siku moja" na "tunatuma". Hapo katikati kuna pesa za vijana wenzetu zinazopotea kila wiki, na hakuna mtu anayeulizwa.

Kwetu mtu akikwambia "nakutumia", anamaanisha basi. Boksi linapelekwa stendi, linalipiwa ofisi ya vifurushi, linaandikwa jina na namba ya simu, konda anapewa maelekezo ya mdomo, basi. Huko mwisho wa safari unasubiri na simu mkononi. Utaratibu huu mimi sina ugomvi nao. Umewafikishia kuku wa kisasa watu wa Songea, Sumbawanga, Kigoma na Bukoba ambao wasingeweza kufunga safari mpaka Dar kwa ajili ya boksi moja la vifaranga mia. Kwa nchi yenye ukubwa wa hii yetu, ni jambo la kushukuru.

Ugomvi wangu ni huu: boksi likifika na vifaranga 40 wamekufa, muuza vifaranga anasema "mimi nilikabidhi wazima". Konda anasema "mimi nilipokea boksi, sikuhesabu". Ofisi ya vifurushi inakuonyesha maandishi madogo nyuma ya risiti kwamba mzigo unasafiri kwa hatari ya mwenye mzigo. Na mwenye mzigo ni nani? Ni wewe, ambaye hujawahi hata kuugusa.

Sasa ili tuelewe kwa nini saa ni jambo kubwa, lazima tumwelewe kifaranga mwenyewe. Yai la kuku hukaa kwenye joto siku 21. Karibu na kuanguliwa, kifaranga huvuta kile kiini cha njano kilichobaki na kukiingiza tumboni mwake. Hiyo ndiyo akiba yake ya safari. Kwa sababu ya akiba hiyo anaweza kukaa mpaka kama saa 72 bila chakula wala maji. Hili ndilo linalofanya biashara ya kutuma vifaranga iwezekane duniani. Lakini ile saa 72 ni mwisho wa uvumilivu wake, tena kama joto ni zuri na hewa inapita. Kadiri unavyousogelea mwisho huo, ndivyo unavyopokea kifaranga aliyekauka, mwenye miguu iliyosinyaa, ambaye hata akipona leo atadumaa.

Na hapa ndipo penye siri ambayo matangazo hayasemi. Vifaranga hawaanguliwi wote kwa pamoja. Katika mashine moja, kati ya wa kwanza kuanguliwa na wa mwisho panaweza kupita siku nzima, na wakati mwingine zaidi. Mwenye mashine husubiri wengi watoke na wakauke manyoya, ndipo anafungua. Kwa hiyo siku anayoiita "ya kwanza", kuna vifaranga mle ndani ambao tayari wamemaliza saa 24 za akiba yao.

Tupige hesabu pamoja. Tuseme kifaranga wa kwanza ameanguliwa Jumatatu saa 12 jioni. Mashine inafunguliwa Jumanne saa 12 jioni. Hapo ana saa 24. Wanachanjwa, wanachambuliwa, wanahesabiwa, wanafungwa, wanalala kwenye maboksi. Jumatano saa 12 asubuhi basi la Bukoba linaondoka Dar. Ana saa 36. Safari ile ni ndefu, kilomita kama 1,400, kwa hiyo tuseme inachukua siku nzima, wanashuka Alhamisi alfajiri. Ana saa 60. Mfugaji anachukua bodaboda mpaka kijijini, saa tatu zingine. Zimebaki saa tisa tu mkononi! Tairi ikipasuka mara mbili, au basi likiharibika Singida mkasubiri fundi na spea, hesabu imekwisha. Na huyu bado kwenye risiti ni "kifaranga wa siku moja".

Wenzetu Marekani wamekuwa wakituma vifaranga kwa posta tangu mwaka 1918. Ndiyo, posta ile ile ya barua. Kanuni za posta yao zinataka kifaranga asizidi saa 24 tangu kuanguliwa anapopokelewa, na afike kwa mnunuzi ndani ya saa 72 tangu kuanguliwa. Lakini kilichonivutia mimi ni sharti jingine dogo: tarehe na saa ya kuanguliwa lazima iandikwe juu ya boksi, na iandikwe na mtu wa kituo cha kutotolesha anayeijua mwenyewe. Pia mzigo unatakiwa utumwe mapema katika wiki, ili hata ukichelewa njiani usije ukaangukia Jumapili au sikukuu ofisi zikiwa zimefungwa.

Naomba msinielewe vibaya, sisemi kule ni peponi. Mwaka 2020 vifaranga wapatao 4,800 waliotumwa kwa wafugaji wa Maine na New Hampshire walifika wamekufa, mpaka mbunge Chellie Pingree akamwandikia barua mkuu wa posta. Mei 2025 vifaranga kama 12,000 walisahaulika ndani ya lori la posta huko Delaware kwa siku tatu na zaidi, na maelfu wakafa. Maandishi juu ya boksi hayasukumi lori. Lakini mambo haya yalipotokea, watu walikuwa na kipimo cha kulalamikia: saa zilizoahidiwa zilijulikana na zilipozidi ilionekana. Sisi tukipoteza vifaranga tunalalamikia hewa.

Na hatuwezi kusema kwamba nchi yetu haijui kufuatilia vifaranga. Oktoba 2017 mamlaka zetu ziliwateketeza kwa moto vifaranga 6,400 waliokamatwa Namanga wakiingia kutoka Kenya, kwa hoja ya kuzuia magonjwa. Ukubali au ukatae uamuzi ule, angalia kitu kimoja: walihesabiwa, wakatolewa taarifa, na majirani zetu Kenya wakalalamika rasmi. Yaani kifaranga akiwa mpakani ni suala la serikali mbili. Akishaingia kwenye buti la basi pale stendi ya Magufuli, anakuwa kifurushi kama kiroba cha viatu.

Wakati sheria tunayo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu mwaka 2008 na inagusa usafirishaji wa wanyama. LATRA ipo na inasimamia mabasi. Kinachokosekana ni mtu wa kuunganisha haya mawili kwa karatasi moja ya nusu ukurasa.

Mimi ningeanza na vitu vitatu tu, na hakuna hata kimoja kinachohitaji mfadhili.

Kwanza, saa ya kuanguliwa iandikwe juu ya boksi kwa kalamu nzito: kundi lilianza kuanguliwa lini, mashine ilifunguliwa lini, na mwisho wa saa 72 ni lini. Konda akiona "mwisho Alhamisi saa 12 jioni" anaelewa bila kusomea mifugo kwamba boksi hili haliwezi kusubiri gari la kesho.

Pili, kuhesabiana. Muuzaji na mpokeaji wa vifurushi wafungue, watazame kama wako hai, wasaini. Kule mwisho mnunuzi afungue mbele ya konda kabla ya kuondoka. Wauzaji wengi huweka vifaranga wawili wa nyongeza kwa kila mia, na ukilalamika unaambiwa "si tulikuongeza?" Nyongeza ya wawili ni ya vifo vya kawaida vya njiani. Haiwezi kufuta vifo 40.

Tatu, hasara igawanywe kwa sababu yake. Waliofika nje ya saa zilizoandikwa kwa uzembe wa basi, basi lihusike. Waliofungwa wakiwa wamechelewa tayari, muuzaji ahusike. Waliokufa kwa sababu mnunuzi hakupokea simu na boksi likakaa ofisini mpaka mchana, hao ni wa mnunuzi.

Na kuna mambo ya ubebaji ambayo kila konda anaweza kuyafuata leo. Boksi la mia liwe na vyumba vinne vya vifaranga 25, ili wasirundikane upande mmoja gari likikata kona na kukanyagana. Matundu ya hewa yasizibwe na magunia, na boksi moja lisigandamizwe na jingine bila nafasi katikati. Lisikae jirani na injini wala penye harufu ya mafuta. Kifaranga wa umri huu hawezi kujitengenezea joto la kutosha wala kujipoza. Anataka kama nyuzi 32 mpaka 35 pale alipo. Akiwa na baridi anajikunyata na wenzake na kupiga kelele kali. Akiwa na joto anatanua mabawa, anahema mdomo wazi. Kwenye buti la basi lililoegeshwa juani Chalinze, joto ndilo linaloua. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023 tumepata nafasi nzuri ya kuwasafirisha kukiwa na ubaridi kidogo, na nashangaa kwa nini bado maboksi mengi yanapakiwa asubuhi ili yachomwe na jua mchana kutwa.

Kuna wale mtakaosema "basi tutume mayai, tutotoleshe wenyewe". Sawa, yai halina ile saa 72. Lakini nalo lina kalenda yake. Yai la kutotolesha likipita kama wiki moja tangu kutagwa, uwezo wake unapungua kila siku inayoongezeka. Linataka ubaridi wa nyuzi 15 mpaka 18 hivi. Joto la Dar la kila siku linatosha kukiamsha kiini tete kianze kukua nusunusu, halafu kife. Mtikisiko nao unaweza kuharibu kile chumba cha hewa kwenye upande butu wa yai. Ndiyo maana mayai yanapangwa ncha chini, kila moja limezungukwa na pumba, maranda au karatasi, na yakifika yanapumzishwa kama siku nzima kabla ya kuingia kwenye mashine. Anayeyatoa kwenye basi na kuyaingiza kwenye mashine saa hiyo hiyo anajipunguzia mwenyewe.

Na hapa napo hoja yangu ni ile ile. Muuzaji aandike tarehe ya kutagwa kwa penseli juu ya kila yai. Usipofanya hivyo, trei ya mayai 30 ikitoa vifaranga wanane, nani atajua kama kosa ni la jogoo, la basi au la mashine yako? Ukiyamulika kwa tochi siku ya saba angalau unapata fununu: yai jeupe kabisa huenda halikuwa na mbegu, lenye pete ya damu lilianza maisha likafa. Lakini fununu bila tarehe haimbani mtu.

Najua jibu la wauzaji. Watasema watu wataandika saa za uongo. Wapo watakaofanya hivyo, lakini uongo ulioandikwa na kusainiwa ni tofauti na uongo wa mdomo. Wa kwanza unaweza kuupeleka mbele ya mtu akauona. Halafu kifaranga mwenyewe ni shahidi: mwenye manyoya ya bawa yaliyokwisha kuchomoza vizuri na miguu iliyokauka, huyo siku yake moja ilipita zamani. Watasema pia kwamba itapandisha gharama. Kalamu nzito ni shilingi ngapi jamani?

Wanaoumia kwenye jambo hili tunawajua. Ni mwalimu aliyeanza ajira juzi na anatafuta kipato cha pembeni. Ni kikundi cha vijana waliokopa zile asilimia kumi za halmashauri, na marejesho hayasubiri maelezo ya konda. Tumewaambia vijana wajiajiri, wafuge, wasichague kazi. Wamekubali. Wamejenga banda, wamewasha bruda tangu jana, maji yenye glukosi yako tayari, wamesimama stendi alfajiri. Tunachowakabidhi ni boksi ambalo hakuna anayeweza kuwaambia lina umri gani.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa na unataka kuagiza wiki hii, usiulize bei peke yake. Uliza: walianza kuanguliwa saa ngapi? Muuzaji akishindwa kujibu, tafuta mwingine. Tukiuliza hivyo wengi, wataanza kuandika hata kabla serikali haijawaambia.

Nawasilisha.