Kabla Tanuri Halijawashwa



Neno risasi lina maana mbili katika Kiswahili. Maana ya kwanza sisi wa Turkana hatuhitaji kufundishwa. Makaburi ya njiani na mazizi yaliyobaki matupu yametufundisha. Maana ya pili ni ile metali laini na nzito iliyomo ndani ya betri za magari na za umeme wa jua. Risasi ya kwanza hulia, na kila mtu akakimbia. Ya pili hailii. Huja na moshi na vumbi, ikashika mikono ya mtoto achezaye uani, ikaingia kinywani mwake, ikakaa mifupani na kuidumaza akili yake kabla mzazi hajajua kwamba adui yumo nyumbani.

Tunaandika haya kwa sababu penye magari na sola hapakosi vyuma vikuukuu, na penye vyuma vikuukuu hapakosi mtu wa kuvinunua. Kuanzia Kakuma hadi Lodwar na Namoruputh, siku mwekezaji atakapofika na mchoro wa kiwanda cha kuyeyusha vyuma hivyo, atapokewa kwa vigelegele. Nasi hatutamfukuza. Vijana wetu wanahitaji kazi, na chuma kinachotumika tena ni bora kuliko chuma kinachooza porini. Tunasema jambo moja tu: swali litangulie kibali.

Nchi yetu imekwisha kulilipia somo hili, nalo lililipiwa Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru chenye wakazi wapatao 3,000. Mwaka 2007 tanuri la kuyeyusha betri kuukuu lilianza kazi kando ya nyumba za watu. Mama Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani humo mwaka 2009. Alishauri kiwanda kihamishwe mbali na makazi, na ushauri wake haukufuatwa. Mwanawe mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha kwamba damu yake ilikuwa na sumu ya risasi. Mama huyo aliacha kazi, akawakusanya majirani, wakaandamana. Mwaka 2012 alikamatwa na kushtakiwa, kisha mahakama ikamwachilia. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014.

Kufungwa kwa kiwanda hakukuwa mwisho wa taabu. Wakazi walikwenda mahakamani, na mnamo Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Haikuwalaumu wenye kiwanda peke yao. Ilisema kwamba vyombo vya dola pia vilishindwa kutimiza wajibu wao, ikiwemo NEMA, mamlaka yenyewe iliyopewa kazi ya kulinda mazingira. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Hesabu miaka, msomaji: ni 17 tangu tanuri liwashwe. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa amekaribia umri wa kuchukua kitambulisho. Fidia ni haki yake, lakini hakuna hundi inayoweza kumrudishia akili iliyodumaa darasani.

Wala si Mombasa peke yake. Huko Thiaroye-sur-Mer, kando ya Dakar nchini Senegal, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 mahali watu walipokuwa wakichambua betri kuukuu ili wapate risasi. Masikini walidhani wameokota riziki.

Sasa, ndugu zetu katika mageuzi, mambo haya yana uhusiano gani na vyama vingi? Yana uhusiano mkubwa. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, wengi walidhani ushindi umekamilika kwa kuwa karatasi ya kura itakuwa na majina ya vyama kadhaa. Lakini siasa ya chama kimoja haikuwa idadi ya vyama tu. Ilikuwa tabia ya kuamua mambo chumbani, kisha kuwaita wananchi uwanjani wapige makofi. Aliyeuliza aliitwa mpinga maendeleo. Tabia hiyo haikuzikwa pamoja na kifungu kile. Inaweza kuketi katika bunge la kaunti kama ilivyoketi zamani katika baraza la madiwani, na inaweza kuvaa rangi za chama chochote. Demokrasia ni uwezo wa mwananchi wa Namoruputh kusema la, akasikilizwa, akarudi nyumbani salama.

Sheria iko upande wetu. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo inapotishiwa, bila kulazimika kuthibitisha kwamba mtu amekwisha kuumia. Hatulazimiki kungoja jeneza ndipo tuwe na kesi. Ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa, serikali ya kaunti imewekewa kama amana tu. Nayo Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaagiza kwamba mapatano ya mwekezaji na jamii kuhusu ardhi yake yaidhinishwe na theluthi mbili ya watu wazima katika mkutano wao.

Basi tujihadhari na baraza la soda na karatasi ya mahudhurio. Kutia sahihi kwamba ulihudhuria si kutia sahihi kwamba ulikubali. Wazee wetu walijua tofauti hiyo. Mwaka 1973 Waturkana na Wamatheniko walipopatana Lokiriama, silaha zilizikwa mbele ya macho ya watu wenyewe, na mapatano hayo yanakumbukwa hadi leo. Jambo lililokubaliwa hadharani lina wenyewe wa kulilinda.

Mchoro wa kiwanda utakapoletwa, kila wakilishi wa wadi aulizwe haya. Je, kitayeyusha chuma tu, au na betri pia? Upepo wetu, usio na siku ya mapumziko, utaupeleka wapi moshi huo? Majitaka yataelekea kisima gani, na mbuzi watalisha wapi? Nani atapima damu ya watoto kabla tanuri halijawashwa na kila mwaka baada ya hapo, na majibu yatabandikwa wapi? Fedha za kusafisha udongo zimewekwa wapi tangu siku ya kwanza? Na ripoti ya mazingira isomwe kwa Kiturkana, kwa sauti, chini ya mti, mbele ya akina mama watakaochota maji hayo.

Kwa Wakristo tunaongeza neno. Nabothi hakumtukana mfalme Ahabu. Alikataa tu kutoa urithi wa baba zake. Waliomwua walianza kwa barua zenye muhuri, wakaitisha mkutano na kuleta mashahidi wa uongo. Wazee wa mji walijua ukweli, nao wakatekeleza yaliyoandikwa. Kanisa lisiwe miongoni mwa wazee wale. Kila parokia na kila jumuiya ndogo ichague watu wawili wa kusoma matangazo ya miradi, kuhudhuria vikao vya kaunti, na kurudi kuwaeleza wenzao walichosikia.

Maji yakimwagika hayazoleki, na risasi ikiingia mfupani haitoki kwa hotuba. Tuulize sasa, wakati kuuliza bado hakugharimu uhai wa mtoto.