Ziwa Victoria: Kimo cha wingu na usalama wa mvuvi

Dhoruba kali za Ziwa Victoria huzuka zaidi usiku, saa zile zile ambapo wavuvi wa Tanzania, Uganda na Kenya wamo majini. Gizani mvuvi halioni wingu linalomjia. Setilaiti hulitambua, ingawa nayo haikipimi kimo chake moja kwa moja.

Setilaiti za Meteosat, zilizo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, hupima joto litokalo kwenye kilele cha wingu. Kwa kuwa hewa hupoa kadiri mtu apandavyo, kwa wastani nyuzi 6 hadi 7 za Selsiasi kila kilomita, ubaridi wa kilele hufasiriwa kuwa kimo. Wingu la ukanda wetu lenye kilele cha nyuzi 80 chini ya sifuri hukadiriwa kufika kilomita 16 hivi.

Makadirio hayo yana mitego. Wingu jembamba la juu hupitisha joto la chini yake, likadhaniwa kuwa chini kuliko lilivyo. Aidha, ni lazima kujua hewa ya siku hiyo inavyopoa; jambo hilo huthibitishwa na maputo yenye vipimo yanayorushwa kutoka ardhini.

Hata hivyo, faida yake ni kubwa. Utafiti ulioongozwa na Wim Thiery, uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Nature Communications, ulifuatilia vilele vya mawingu vilivyochomoza kupita kiasi. Ulibaini kwamba dhoruba za usiku ziwani zina uhusiano na zile za alasiri katika nchi kavu inayolizunguka. Ulionya pia kwamba dhoruba kali mno zitaongezeka kadiri dunia inavyopata joto.

Hapo sayansi inageuka kuwa suala la ujirani. Wingu la alasiri laweza kutanda katika nchi moja, na mtumbwi ulio hatarini usiku ukawa wa nchi nyingine. Mradi wa HIGHWAY, ulioratibiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ulikusudia kuimarisha ushirikiano wa aina hiyo. Kipimo cha mafanikio yake ni kimoja: tahadhari imfikie mvuvi kabla ya jua kuchwa, kwa lugha anayoielewa, angali ufukweni.